Mtaa Ulioacha Kungoja

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Watoto, wazee, muuza mkaa, hata mumewe siku akiwa na furaha, wote walimwita Mama Dodoso, kwa sababu ya ile kazi yake ya kupita nyumba kwa nyumba na dodoso la ofisi ya takwimu, akiwauliza watu wazima maswali ambayo yangetoka kinywani mwa mwingine yangeitwa umbea. Wiki iliyopita umefanya kazi? Ya malipo? Saa ngapi? Kama hukufanya, umetafuta? Umetafuta wapi? Ukiitwa leo utaanza lini? Miaka kumi na miwili aliuliza hayo kwa hayo, wiki tano katika kila robo ya mwaka, na wala hakuchoka. Kuuliza si ujinga, alipenda kusema, tena mimi nalipwa kwa kuuliza.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mkoba wa ofisi ukimning'inia kifuani na kishikwambi cha kujazia majibu akiwa amekiviringisha kwenye mfuko wa plastiki kwa kuogopa mvua. Wenzake walisoma maswali huku wakipiga miayo. Yeye alilisoma kila swali neno kwa neno kama lilivyoandikwa, kisha akanyamaza, akamkazia mtu macho mpaka jibu litoke. Aliwafundisha wageni wa kazi kwamba siri yote iko hapo kwenye kunyamaza, kwa kuwa mtu akinyamaziwa husema kweli hata kama hakuwa na mpango nayo.

Sasa, ili uelewe kwa nini mwezi ule nusura apandwe na wazimu kwa furaha, ni lazima kwanza uujue mtaa wenyewe. Ni safu sita za nyumba za matofali, vyumba viwili viwili, zilizojengwa na kiwanda cha mablanketi kwa ajili ya wafanyakazi wake. Miaka tisa iliyopita, siku ya Ijumaa, mitambo ilizimwa. Meneja alipanda juu ya robota la pamba akawatangazia watu elfu moja na mia moja kwamba kiwanda kinasimama kwa muda tu. Nendeni nyumbani, aliwaambia, mtaitwa, majina yenu yote yako kwenye orodha, ila atakayejiandikisha kazi kwingine jina lake litakatwa. Akashuka robotani, akaingia garini, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona hata kisogo.

Watu wakangoja. Ukiwaambia habari za kazi nyingine walikujibu usiache mbachao kwa msala upitao, na mvumilivu hula mbivu, na methali nyingine ambazo mtu huziokota akiwa hataki kuinuka. Mmoja alipangisha chumba kimoja akabanana na familia kwenye kile cha pili. Mwingine aliishi kwa mboga za mkewe. Mama Dodoso alipowauliza kama wametafuta kazi katika wiki nne zilizopita, walimtazama kama amewauliza kama wameiba. Nitafute kazi ya nini, walimjibu, na kazi ninayo, nasubiri tu kuitwa.

Hapo ndipo penye kichekesho, ingawa si cha kucheka sana. Kwa kanuni za takwimu, mtu hahesabiwi kuwa hana kazi mpaka awe hana kazi, yuko tayari kuifanya, na ameitafuta. Aliyekaa barazani bila kutafuta anatolewa nje kabisa ya soko la ajira, anatiwa kapu moja na wanafunzi na wagonjwa wa kitandani. Na aliyefua nguo za jirani kwa saa moja tu akalipwa, huyo ameajiriwa. Basi mtaa mzima wa watu waliokaa ulitoka kwenye jedwali, robo baada ya robo, ukiwa na ukosefu wa ajira wa asilimia tatu. Mkoa mzima hakukuwa na mtaa uliokaribia hapo, na mkuu wa ofisi alipenda kuutaja kwenye hotuba zake. Kule wilaya ya juu, kwenye machimbo ya mawe na viwanda vidogo vidogo, ambako watu walimiminika kutoka kila pembe na kugonga mageti kila kukicha, jedwali lilisema asilimia kumi na nane, wakaonekana wao ndio wagonjwa.

Tena jedwali halikai kabatini. Miaka miwili nyuma kilifunguliwa kiwanda cha viatu upande wa pili wa mji, na mwenye nacho akaenda ofisi ya takwimu kuuliza watu wasio na kazi wako wapi. Akaonyeshwa wilaya ya juu. Tangu hapo kila alfajiri malori yalipita barabarani yakiwa yamejaa vibarua waliotolewa mwendo wa saa nzima, yakipita mbele ya milango ya mafundi elfu moja na mia moja waliokuwa wanapiga mswaki. Mama Dodoso aliyatazama yakipita na moyo ukamuuma, maana alijua nani aliyeyaelekeza. Alikuwa ni yeye na asilimia tatu zake, na hakuna hata fomu moja aliyoidanganya.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa vile vile. Mumewe, ambaye mtaa ulimwita Fundi bila kuongeza neno, alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufuma, na kila asubuhi alikwenda kwenye ukuta wa kiwanda kucheza drafti na wenzake wa zamu ya zamani. Jirani akimletea baiskeli au pampu ya maji aitazame, aliikataa, eti akionekana na spana mkononi jina litakatwa. Mwanzoni Mama Dodoso aligomba. Baadaye akanyamaza, na zamu hii kunyamaza hakukuwa mbinu ya kazi. Mshahara wa wiki tano ulitandazwa miezi mitatu, na habari ya kazi haikuguswa tena mezani.

Kisha, wiki nne kabla ya robo mpya kuanza, walikuja watu wa kuezua. Walifika Jumanne na malori manne, wakapanda juu ya kiwanda, wakaanza kung'oa mabati. Mtaa wote ulitoka ukasimama ng'ambo ya barabara. Jua liliingia mle ndani kwa mara ya kwanza, likaimulika mitambo ya kufuma ikiwa na kutu nyekundu, na mchana wakaja wengine na mitungi ya gesi wakaikatakata vipande. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi alitazama mpaka mtambo wa mwisho ulipopakiwa, akageuka, akaenda zake nyumbani bila kumuaga mtu.

Aliyesema neno ni Bibi Nyuzi, mwanamke wa miaka sitini na mmoja aliyesokota nyuzi kiwandani humo tangu ubinti wake. Lori la nne lilipoondoka alijifunga kitambaa chake upya kichwani na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi, hatuitwi. Mimi kesho natoka alfajiri kwenda kuuliza mageti ya wenzetu. Anayetaka kufuatana na mimi asinicheleweshe na chai."

Kesho yake walifuatana naye saba. Siku ya pili walikuwa arobaini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ya mtaa ule yalikuwa yameuma miaka tisa.

Mama Dodoso alipoanza robo yake aligonga mlango wa kwanza, akasoma swali lake kama kawaida, akanyamaza. Umetafuta kazi katika wiki nne zilizopita? Ndiyo, alijibiwa. Kidole kilimkaa hewani juu ya kishikwambi. Mlango wa pili, ndiyo, nimeenda kiwanda cha sabuni. Mlango wa tatu, ndiyo, mimi na mke wangu wote, tumepeleka barua sehemu sita. Kufika safu ya tatu alikuwa anatembea kama mtu anayekimbizwa, anagonga, anauliza, anabonyeza, anakaribishwa maji hana muda wa kuyanywa. Wanaume waliokuwa hawaondoki barazani sasa walimjibu wamesimama mlangoni wakipangusa viatu. Wanawake walimwonyesha vyeti vya mafunzo vilivyolaliwa na mende tangu kiwanda kilipofungwa. Jioni ya nyumba ya mwisho aliketi kitandani akakokotoa mwenyewe, akarudia, akarudia tena. Katika kila watu mia waliokuwa na kazi au wanaoitafuta, ishirini na wanne hawakuwa nayo. Alicheka peke yake mpaka akajiziba mdomo. Ukosefu wa ajira ulikuwa umepanda mara nane, na ilikuwa habari njema kuliko zote alizowahi kuandika.

Doa lilikuwa moja, na lilikuwa nyumbani kwake. Nyumba yao ilikuwa imeangukia kwenye nyumba mia na kumi na mbili zilizoteuliwa kuulizwa, na kwa kanuni mdadisi haulizi nyumba yake. Alikuja msimamizi mwenyewe kuijaza. Fundi hakuwapo, alikuwa ameshatoka asubuhi na nguo zake za kushindia kama siku zote, na kanuni inaruhusu mtu wa nyumbani kumjibia mwingine. Swali la kutafuta kazi lilipofika, Mama Dodoso aliutazama mlango. Mtaa mzima unatafuta isipokuwa mume wake, na sasa hata ule ukuta wa kuchezea drafti hauna kiwanda nyuma yake. Angeweza kudanganya, hakudanganya. Hatafuti, alijibu, na uso ukamuwaka kwa aibu.

Msimamizi huyo aliitwa Rula, maana hakuwahi kusoma mstari wowote bila kuweka rula chini yake. Alikuwa mwembamba, msafi, mgumu kama kanuni zake. Jumanne alimwita Mama Dodoso mezani, rula ikiwa imelala chini ya mtaa wake, na kumwambia kwamba mtaa kutoka tatu kwenda ishirini na nne ndani ya robo moja ni jambo ambalo halijapata kutokea. Ama amechanganya, ama amejaza fomu akiwa amekaa chini ya kivuli mahali fulani. Ijumaa kutakuwa na mgeni, mama mwenye kiwanda kipya cha kushona sare, anataka watu mia nne, na atachukua jedwali achague mtaa wa kuweka meza zake za kuandikisha. Jedwali haliwezi kwenda na namba ya kichaa. Fomu zitawekwa kando, na mtaa utapewa namba ya robo iliyopita.

Namba ya robo iliyopita ilikuwa tatu. Mama Dodoso aliona malori yakipita tena mbele ya milango yao, mia nne nyingine wakiletwa kutoka mbali, na Bibi Nyuzi akiwa kando ya barabara na kitambaa chake kichwani.

"Mkuu, hawajapoteza kazi juzi," alisema. "Kazi waliipoteza miaka tisa iliyopita. Sasa ndiyo wameanza kuitafuta. Wakati ule tulipoandika tatu ndipo walipokuwa wamekata tamaa, na sisi tukawasifu."

 Rula alisogeza rula mstari mmoja chini, akairudisha. Akasema ipo njia ya kanuni. Atachagua nyumba kumi na mbili kwa kura, atazirudia yeye mwenyewe na fomu zilizochapishwa karatasini, majibu yakilingana fomu zinasimama. Jibu moja likipishana atalivumilia. Yakipishana mawili, fomu zote nje. Akachanganya vikaratasi kwenye kikombe, akavichota kimoja kimoja, na cha kumi na mbili kilikuwa nyumba ya Mama Dodoso mwenyewe.

Hakutishika. Aliondoka pale akijiambia kwamba hiyo angalau ina uhakika, Fundi ataulizwa naye atasema hatafuti, kama alivyomjibia. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alifurahi kwamba mumewe hatafuti kazi, akajionea haya papo hapo.

Jumatano saa nne asubuhi waliingia mtaani pamoja. Milango ilikuwa imefungwa, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Rula alibisha kila mahali mara tatu kwa vipimo vile vile. Nyumba pekee iliyokuwa wazi kati ya zile kumi na mbili ilikuwa ya kinyozi, ambaye kwenye fomu alisema hana kazi na anatafuta. Walimkuta uani amemfunga mteja shuka shingoni, na wateja wawili wamekaa kwenye tofali wakisubiri zamu yao. Kinyozi aliwatazama, wembe mkononi, akaanza kueleza kwamba huyu ni binamu yake. Rula aliuliza, na wale wawili je? Hao pia, alisema kinyozi, ila wa mbali kidogo.

Jibu moja likawa limepishana. Rula alifunga kalamu yake akauliza hao watu wengine wako wapi, kama wapo.

"Wametoka kutafuta kazi, mkuu. Ndivyo nilivyoandika. Mtu anayetafuta kazi utamkutaje nyumbani saa nne?"

Alimsihi waje kesho yake alfajiri kwenye bomba la kona, mahali ambapo safu zote sita zinatokea barabarani. Rula alisema yeye huanza kazi saa mbili. Kisha, pengine kwa kuwa milango kumi na moja iliyofungwa kwa ufunguo ilikuwa imeanza kumsumbua, akasema atakuja.

Alhamisi kabla jua halijachomoza walisimama bombani, Rula na fomu zake, Mama Dodoso na mikono yake ambayo hakujua aiweke wapi. Dakika chache zilipita bila mtu. Kisha mlango mmoja ukafunguka, na mwingine, na mwingine, na barabara ikajaa. Walikuja kwa makundi, wanaume wa mashati ya pasi, wanawake wa viatu vya kufungwa, bahasha kwapani, wakisalimiana na kutaniana kama enzi za zamu ya kwanza. Huyu anamwambia yule leo wewe usiongee getini, juzi ulimtisha mlinzi. Mbele kabisa alikuwa Bibi Nyuzi, anauliza kama wote wamekunywa chai au wanataka kumwangukia njiani. Rula alisahau kufunika kalamu.

Akaanza kuwaita kwa namba za nyumba zao. Wa kwanza alijibu amesimama, sawa na fomu. Wa pili sawa. Wa tano alimtajia mageti tisa kwa mpangilio na jina la mlinzi wa kila geti. Wa nane alikuwa Bibi Nyuzi, aliyesema andika pia kwamba kiwanda cha misumari wameniambia mimi ni mzee, nami nimewaambia misumari yao ni mibovu. Kila jibu lililolingana, Rula aliweka alama, na kila alama Mama Dodoso alikuwa anaihesabu moyoni mpaka zikafika kumi. Ilibaki nyumba moja, ya kwake mwenyewe, nayo haikumpa hofu. Aligeuka kuelekea nyumbani amwamshe mumewe.

Hapo hapo mlango wa nyumba ya Bibi Nyuzi ulifunguka na Fundi akatoka.

Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama, suruali ya harusi yao, na cheti chake cha ufundi kwenye bahasha. Nguo zake za kushindia alikuwa amezikunja kwapani. Kwa nukta moja Mama Dodoso aliwaza mabaya, akamtazama Bibi Nyuzi na miaka yake sitini na mmoja, akayafuta. Bibi Nyuzi alikuwa anatazama angani kama mtu anayepima mvua.

Rula alisoma swali neno kwa neno. Umetafuta kazi katika wiki nne zilizopita?

Fundi alimwona mkewe, akasita, akaona hapana pa kurudi. "Nimetafuta. Tangu siku ya pili ya kuezua. Karakana ya malori, kiwanda cha misumari, sabuni mara tatu."

Mama Dodoso alihisi furaha ikimpanda kifuani na papo hapo ikikatika. Mumewe anatafuta. Na jibu limepishana. La pili.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia ungeniuliza nimepata nini. Halafu ungenyamaza," alisema Fundi. "Hakuna binadamu anayeweza kunyamaziwa na wewe, mama. Nikasema kwanza nipate. Bibi akanihifadhia shati."

Mficha uchi hazai, alinong'ona Bibi Nyuzi, lakini yeye ndiye aliyekuwa akilipiga pasi.

Watu walikuwa wamesogea wakawazunguka. Hawakujua kanuni ya majibu mawili, lakini waliona uso wa Mama Dodoso wakaacha kutaniana. Rula aliitoa fomu ya kumi na mbili. Aliweka rula chini ya mstari wa jibu, hatafuti. Akaipandisha mstari kwa mstari mpaka juu kabisa, palipoandikwa jina la aliyeijaza, na hapo rula ikasimama.

"Fomu hii si yako," alisema. "Ni yangu. Niliandika habari za mtu ambaye sikumsubiri arudi."

Angeweza kuiacha hivyo. Hakuna aliyeiona fomu yenyewe ila wanne watano waliokuwa karibu, na hakuna aliyejua kusoma zile karatasi isipokuwa mwanamke mmoja ambaye angefukuzwa leo na kusahaulika kesho. Rula alichukua kalamu, akaenda kwenye kisanduku cha makosa, na kwa mwandiko wake ulionyooka akaandika jina lake mwenyewe. Akasahihisha jibu, akatia sahihi, akasema fomu za mdadisi zimepishana moja tu na kwa hiyo zinasimama. Namba ingepanda kidogo zaidi kwa sababu ya Fundi, aliongeza, na sauti yake ilikuwa na kitu kilichokaribia mzaha.

Ijumaa, kwa maelezo ya mhudumu wa ofisi aliyepeleka chai, mama mwenye kiwanda aliuliza swali moja tu, watu wanaotafuta kazi kweli kweli wako wapi. Mkuu wa ofisi alikohoa na kuanza kueleza wilaya ya juu. Rula aliinuka, akaweka rula kwenye jedwali na kusoma asilimia ishirini na nne. Mkuu alisema mtaa huo ndio uliokuwa unasifiwa. Rula alisema ulisifiwa ukiwa umelala, na sasa umeamka. Halafu mtu huyo ambaye hakuwahi kuongeza neno juu ya jedwali akaongeza kwamba wale watu wamefuma mablanketi nusu ya maisha yao, na watafika kiwandani kwa miguu.

Jumatatu meza ziliwekwa kwenye ukumbi wa mtaa. Foleni ilianza mlangoni, ikazunguka bomba, ikapotea nyuma ya safu ya nne. Mama Dodoso hakutakiwa kuwa pale, alikuwa na ripoti ya kumaliza, lakini saa tatu alikuwa amesimama nje chini ya dirisha la chumba cha nyuma. Mle ndani walikuwa wanajaribiwa mafundi. Walitakiwa watatu tu na walikuwa wamejitokeza kumi na mmoja. Kila mmoja aliwekwa mbele ya cherehani kubwa ya umeme iliyoharibiwa makusudi, akapewa robo saa. Wanne walikuwa wameshaingia na kutoka, na mashine ilikuwa haijatoa hata mlio.

Aliingia Fundi. Mumewe alikuwa mtu wa mitambo ya kufuma, hakuwahi kutengeneza cherehani katika maisha yake, na kwa miaka tisa hakugusa chuma cha mtu. Dirisha lilikuwa juu, haonekani. Watu wa foleni walijua aliyeingia ni nani, na kunong'ona kukapungua, kukaisha. Ilisikika skrubu ikidondoka sakafuni na kubingirika. Ilisikika spana ikiteleza, mtu akigumia. Kisha kimya. Mama Dodoso, ambaye alikuwa amefanya kimya kuwa kazi yake, aliona anaweza kufa kwa kimya kile.

Mashine ilishika, ikazima. Ikashika tena, ikakwaruza, ikazima. Halafu ikashika ikaenda, kwanza kwa kukohoa, baadaye laini, sindano ikigonga kwa kasi moja bila kuruka. Nje walikuwa wamesimama watu waliozeeka wakisikiliza mitambo. Bibi Nyuzi aliinua mkono asiongee mtu, akainamisha kichwa upande, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hiyo imekaa," alisema.

Foleni yote ilipasuka kwa kelele, mpaka kinyozi aliyekuwa amesimama kule nyuma akaanza kushangilia bila kujua kumetokea nini. Mama Dodoso alikaa chini pale pale vumbini, mkoba wa ofisi mapajani, akalia kwa sauti bila kujali nani anamtazama, na alipoinuka kupangusa sketi yake mashine ilikuwa bado inakwenda.